Miezi Kumi na Mbili ya Kufungwa

Bunia, Bigo, tarehe 9 mars

Mudogo wangu Liévin,

Aksanti kwa muchele uliotuma na Dady. Nakuandikia kwa karatasi juu ulisema kompani yenu ya mbao inachukua telefone za wafanyakazi na kuzifungia. Hiyo kompani iko na maajabu yake. Mbao zinaogopa telefone kwa sababu gani? Basi, Dady anaondoka kesho na lori yake ya Fuso kwenda Nia-Nia, na hii barua nitamupatia ndani ya mukono, hapana ndani ya mizigo.

Siye tuko wazima. Makayabo, samaki yangu ya chumvi, inauzika kidogo kidogo. Kutoka upande wa Djugu watu wanaendelea kukimbia vita na kuingia muji na magodoro juu ya kichwa, na kila siku ya soko bei ya maharagi inapanda.

Kile nataka kukuuliza ni hiki. Unajua caisse yetu ya wamama hapa Bigo. Sanduku ya chuma, kadena tatu. Ufunguo moja iko kwangu, ya pili kwa Pétronille, ya tatu kwa Léontine, yule mama aliyekimbia muji wa Kilo, kule Djugu, na anauza sombe, majani ya muhogo, karibu ya meza yangu. Mutu mumoja hawezi kufungua. Mwaka muzima tunaweka, hakuna kugusa mpaka siku ya kugawa. Ila kama mama amefiwa, ao kama vita imekaribia na mutu anataka kutoka na watoto, tunakaa siye watatu na tunafungua siku ile ile. Kwa Léontine na wenzake wa Djugu, ile sanduku haiko pesa ya biashara. Ni njia ya kutoka.

Mwezi uliopita wezi wenye bunduki waliingia kwa Pétronille, wakaitafuta. Ile wiki haikulala kwake, Mungu alisaidia. Tangu pale hakuna mama anayetaka kuilaza nyumbani. Na ndani ya ule woga akaja Bwana Blanchard. Kijana wa adabu, anaimba mu korali ya kanisa, shati yake haina hata doa. Anasema kuna Fonds moja: watu wengi wanaweka pesa pamoja, wanaojua kazi wanaizalisha, kiisha mwaka kila mutu anachukua yake na faida juu. Ametuachia karatasi nne za kifaransa, na kuna neno amelipigia mustari: période de blocage, miezi kumi na mbili. Pembeni yake wameandika kwa kiingereza, lock-up.

Waliposikia pesa itafungwa, wamama wengi walifurahi. Siye pia tunafunga. Mutu asiyefunga ndiye tunaogopa. Léontine peke yake alisema hapana. Anasema amekimbia mara tatu, na pesa ya kukimbia haiwezi kulala ndani ya nyumba asiyojua mulango yake.

Weye ndio ulisoma commerce, mambo ya biashara, kule Kisangani, na siye, mimi dada yako mukubwa na wote wa nyumbani, ndio tulikula sombe bila mafuta juu usome. Niambie basi: hilo neno maana yake nini, na lilitoka wapi? Wamama wanangojea jibu yako. Nimewaambia hatutii sinyatire chini ya karatasi mpaka weye karani wetu useme.

Yaya yako,
Musoki


Nia-Nia, tarehe 19 mars

Yaya Musoki,

Barua yako imefika salama, na umenikumbusha sombe bila mafuta kwa mara ya mia moja. Deni hilo nitalilipa mbinguni.

Swali lako ni zuri, na nitakujibu kama mwalimu. Neno lenyewe ni la Kiingereza. Zamani, vijiji vya kule vilikuwa na kijumba kidogo cha mawe ambamo mlevi au mwizi alifungiwa mpaka apelekwe mbele ya hakimu, na kijumba hicho kiliitwa hivyo. Wafanyabiashara nao walikuwa wakisema hivyohivyo juu ya pesa iliyoingia mahali ambapo haitoki haraka: meli, shamba, mgodi. Siku hizi, kwenye hizi fonds, ndilo jina la muda ambao aliyeweka pesa hawezi kuitoa.

Sababu yake si mbaya. Fikiri umenunua maharagi kwa pesa ya wamama wote, na bado yamelowa, yako juani. Kesho wamama wachache wanakuja pamoja, kila mmoja anataka pesa yake leo. Utauza maharagi mabichi kwa bei ya kutupa, na wote mtapata hasara kwa ajili ya haraka ya wachache. Muda wa kufungwa unamlinda yule mwenye subira. Ni kama caisse yenu tu, isipokuwa sanduku ni kubwa zaidi.

Mwambie Léontine asiogope. Pesa iliyofungwa vizuri haiibiwi na mwenye bunduki. Na ile habari ya kurefusha muda, ukurasa wa tano, isiwasumbue. Wanaiweka kwa desturi tu. Blanchard ni kijana mwaminifu. Wekeni sahihi.

Hapa mvua ni nyingi na barabara imeharibika kuelekea Mambasa. Afya yangu si mbaya.

Mdogo wako,
Liévin Katsuva


Bunia, tarehe 31 mars

Mudogo wangu,

Imeisha. Nilisoma barua yako mbele ya wamama wote, nyuma ya kanisa, neno kwa neno. Habari ya maharagi mabichi iliwapendeza sana, Pétronille alicheka mpaka akafuta macho. Wakasema: huyu ndio mutu aliyesoma na bado anajua soko.

Léontine aliniomba niisome tena. Niliisoma. Kiisha akaniuliza swali moja: kule kwenye sanduku kubwa, kama vita inakuja, wenye funguo watatu wanakaa wapi? Nikamwambia Liévin hakuandika hiyo, lakini kama ingekuwa mubaya angeandika. Alisema, mimi simujui Blanchard, na kifaransa sijui, lakini weye nakujua, na weye unamujua mudogo yako. Akatoa ufunguo yake mu kitambaa.

Tulifungua kadena zote tatu. Blanchard alileta karatasi zingine, tukatia sinyatire na kidole. Kila mama alikuwa na soda yake. Alipobeba pesa ndani ya mufuko nyeusi, tuliimba. Sanduku imebaki kwangu wazi, nimeweka ndani maharagi ya kupanda.

Ila leo nimepita mbele ya nyumba ambayo Blanchard alituonyesha kama biro yake ya kazi, karibu ya soko. Kwenye mulango kuna kijana wa bunduki, na haiko mupolisi. Nilimusalimia, hakunijibu. Pengine ni juu ya usalama. Muji nao umejaa maneno: wanasema watu wa bunduki wamekaribia, wengine wanasema ni uongo wa wafanyabiashara.

Niandikie. Nilifanya vizuri?

Yaya yako,
Musoki


Nia-Nia, tarehe 17 avril

Yaya,

Ninaandika kwa haraka, Dady ameshawasha gari.

Sikujua kwamba yule Léontine angeweka yake yote. Ulisema amekataa. Nilifikiri atabaki nje.

Nisikilize bila kuuliza. Usipite tena mbele ya ile biro. Usiende na wamama wengine kudai kitu. Kama unataka kutoka Bunia, toka sasa, nenda kwa watu wetu Butembo au vuka Uganda. Sehemu yako naweza kuitoa. Yako tu, kimyakimya. Kuna njia, na Dady atakuletea ndani ya gunia la mchele. Wengine siwezi. Usinitajie wengine.

Barua hii ichome.

Liévin


Bunia, tarehe 26 avril

Liévin,

Sikuichoma. Niliiweka mu kifua na nikaenda kufanya kazi, na siku muzima sikuona wateja wangu usoni.

Nitakuambia kwanza habari ya hapa, juu pengine hamuisikii ndani ya msitu. Juzi masasi ya bunduki yalilia upande wa kusini, sio mbali. Shule zimefungwa. Site ya deplase, ile kambi ya waliokimbia vita, imekuwa tupu nusu, watu wameshuka Kasenyi kuvuka ziwa kwenda Uganda, na wenye mashua wamepandisha bei bila haya. Wamama wa Djugu walikuja kwangu wote asubuhi moja, na Léontine mbele yao. Binti yake Abigaël ana mimba ya miezi minane, na watoto wengine watatu wako nyuma yake. Hawakupiga kelele. Waliniambia tu: Mama Musoki, vita imekaribia, tufungue.

Mimi najua sheria yetu. Nikachukua Pétronille na Léontine, tukaenda kwa Blanchard. Alitupokea vizuri, akatupatia kiti. Akasema anaelewa huzuni yetu, ila kuna période de blocage, na siye wenyewe tulitia sinyatire. Nikamwambia hata sanduku yetu imefungwa, lakini tukilia inafunguka, juu wenye funguo ni watu wanaotuona kila siku sokoni. Akatabasamu. Akasema, mama, hii haiko hivyo. Kijana wa bunduki alisimama nyuma ya kiti ya Léontine mpaka tulipotoka. Tulipofika barabarani, Léontine hakunilaumu. Afazali angenitukana.

Nikarudi nyumbani nikatoa barua zako zote, nikazisoma tena na karatasi za Blanchard pembeni. Nisikilize vizuri, mudogo wangu. Mwezi wa tatu niliandika karatasi ni nne. Ile ya tano Blanchard aliileta siku ya sinyatire. Barua yako ilikuwa imefika mbele ya ile siku, na ndani yake unasema tusisumbuke na ukurasa wa tano. Uliuona wapi? Na sasa unaweza kuitoa sehemu yangu kimyakimya. Karani wa mbao anatoaje pesa ya Fonds?

Sitaki sehemu yangu peke yake. Nitaila wapi? Nikivuka ziwa, nitawaambia nini wale niliowasomea barua yako? Niambie kweli. Kwetu funguo ziko kwa wamama watatu. Kwenu iko kwa nani?

Musoki


Nia-Nia, tarehe 8 mai

Yaya Musoki,

Barua hii imeshonwa ndani ya gunia, chini, pamoja na kile utakachokikuta. Dady hajui ina nini. Ukiipata, usimtumie mtu ujumbe wa kunishukuru.

Kompani ya mbao hakuna. Kuna mashini mbili mtoni, zinakoroga mchanga wa dhahabu usiku na mchana, na kuna biro moja ya mabati ambayo mimi ni karani wake. Ndiyo Fonds. Blanchard alikuwa amepeleka habari kwa patron, bosi wetu, kabla Dady hajafika na barua yako: kuna mama wa Bigo ana mdogo wake hapa kwako. Nilipokuwa nikikuandikia kijumba cha mawe na maharagi, patron alikuwa amekaa kwenye kona ya meza yangu, anakula karanga, na kila sentensi niliyomaliza aliisoma kwa sauti. Niliogopa, yaya. Niliandika.

Uliniuliza maana ya neno na mwanzo wake. Nilikujibu nusu. Nusu nyingine ni hii. Kule neno lilikotoka, mwenye kuendesha fonds mara nyingi anafunga pesa yake mwenyewe pamoja na ya watu, na kuna sheria, na kuna mtu wa serikali anayekuja kuangalia. Muda wa kufungwa unafanya kazi kama kuna mtu wa nje anayeweza kumwambia mwenye ufunguo: fungua. Hapa mtu huyo hayuko. Pesa ya patron haikufungwa hata siku moja. Alitoa yake yote mwezi wa pili, wakati mashini ya kwanza ilipoanza kuharibika, na Blanchard akatumwa mjini kutafuta pesa nyingine. Ile nyingine ndiyo yenu. Na ukurasa wa tano unasema wanaweza kurefusha muda bila kuwauliza, kila mwaka, mara wanazotaka. Mwaka hautaisha kwenu.

Ufunguo uko kwa nani? Uko kwa wanaume wanaokuja na gari bila namba kuchukua dhahabu. Sijui majina yao na sitaki kuyajua. Wamekwisha kuchukua karte yangu ya électeur, kitambulisho changu cha pekee, ili nisisafiri. Wiki iliyopita mama mmoja wa Mambasa alifika mpaka hapa kudai pesa yake. Walimkaribisha chai. Hakuna aliyemwona akiondoka.

Ndani ya gunia kuna sehemu yako na mishahara yangu yote. Ni kidogo kuliko mlichoweka, lakini inaweza kutosha mtu mmoja kukaa Uganda mwaka mzima. Nakuomba uende. Najua hutanisikiliza, lakini nakuomba.

Patron ameanza kuhesabu upya vitabu. Sijui nitaandika tena lini.

Mdogo wako,
Liévin


Bunia, tarehe 19 mai

Liévin, mudogo wangu, mutoto niliyebeba mugongoni,

Gunia imefika. Nimesoma barua yako nikiwa nimekaa chini, na nimelia. Nakupenda sana, na nimekukasirikia sana, na vyote viwili viko ndani ya kifua kimoja, sijui nitaanza na kipi.

Nitakuambia nimefanya nini. Nilitoa maharagi ndani ya sanduku, nikaweka ile pesa, nikafunga kadena tatu. Nikaita Léontine na Pétronille, nikawapatia funguo zao. Niliwasomea barua yako yote, hata ile ya karanga. Pétronille alifunika uso. Léontine akasema, kumbe naye walimufungia mule ndani pamoja na pesa yetu. Hakusema neno lingine juu yako. Nataka ujue hilo.

Tukafungua. Haitoshi kwa wote, lakini Pétronille anajua mwenye lori ya samaki anayeshuka Kasenyi bila kitu, na anachukua watu kwa bei ya huruma. Tumegawa kwa njia hii: wale wa Djugu wanaondoka kwanza na watoto wote, juu wao wakibaki hawana hata ukuta. Abigaël atakaa mbele, karibu ya dereva. Pétronille anaenda pamoja nao, kuwasaidia kuvuka. Wanaondoka tarehe 4 ya juin, kama barabara itabaki wazi. Sehemu yangu iko ndani ya ile ya wengine na sitaki kuihesabu.

Mimi nitabaki kwanza. Siye wote tukitoweka siku moja, Blanchard atauliza barabarani, na barabara ya Kasenyi iko mbali kwa lori mbovu. Mutu mumoja lazima aonekane sokoni na makayabo yake, anauza, anagombana na wateja. Hiyo kazi naijua.

Na weye, toka. Acha vitabu, acha nguo. Dady amekubali kukuficha katikati ya magunia mpaka Komanda, nimeongea naye. Usingoje kupata yote ndio utoke. Hakuna mama hapa anayekudai kufa. Njoo tukae na njaa pamoja, tumeizoea.

Yaya yako,
Musoki


Mambasa, tarehe 27 mai

Mama Musoki,

Ni Dady, wa Fuso. Mimi siko mutu wa kuandika, utanisamehe. Nakurudishia barua yako kwa mukono wa mama huyu anayeuza mafuta, yeye ni wa kwetu. Sikuipatia mutu.

Nilifika Nia-Nia kwenye biro ya mabati. Kwenye kiti ya Liévin kuna mwanaume mwingine, ana ndevu, amevaa ile koti ya Liévin ya kijivu. Nikaomba kuonana na Liévin. Akasema, ni mimi. Nikacheka, nikasema Liévin namujua. Akaniambia tena polepole bila kucheka: Liévin Katsuva ni mimi, leta barua. Nikasema leo sina barua, nimeleta tu salamu. Akaandika namba ya gari yangu.

Mama anayewapikia pale aliniambia nyuma ya jikoni kwamba Liévin alitoka na watu wawili kuelekea mtoni, asubuhi, siku ya yenga, Jumapili. Walikuwa wanaongea vizuri. Wale wawili walirudi kula. Mama, sijui niseme nini. Pole. Pole sana.

Sirudi Bunia sasa, kuna pikipiki inanifuata tangu Nia-Nia. Nitaacha gari hapa.

Dady


Nia-Nia, tarehe 30 mai

Dada mpendwa,

Ninakusalimu kwa jina la Bwana. Ninayo afya tele na kazi inaendelea vyema. Ninasikitika kwa ukimya wangu. Nilikuwa na shughuli nyingi.

Nimepata furaha kukujulisha kwamba uongozi wa Fonds umeamua kurefusha kipindi cha kufungwa kwa miezi mingine kumi na mbili, kwa faida ya washiriki wote. Kama nilivyokueleza mwezi wa tatu, kipindi hiki humlinda mwenye subira.

Hata hivyo, uongozi umesikia kwamba baadhi ya wamama wanaomba kutoka mapema. Fonds inawajali. Ili maombi yao yashughulikiwe haraka, ninakuomba unitumie majina ya wote wanaodai, pamoja na avenue na nyumba wanamokaa. Wajumbe wetu watawatembelea nyumbani, mmoja baada ya mwingine, kabla ya katikati ya mwezi wa juin.

Tafadhali usimpe tena barua dereva Dady. Hayuko tena kwenye barabara hii. Mpe Bwana Blanchard, naye atanifikishia.

Ndugu yako akupendaye,
Liévin Katsuva


Bunia, Bigo, tarehe 3 juin

Mudogo wangu Liévin,

Nimepokea barua yako na nimefurahi kusikia uko na afya. Mwandiko yako imekuwa muzuri sana. Kazi inakufundisha.

Habari ya kurefusha nimeielewa, haina shida. Soko inaenda. Watu wanasema maneno mingi juu ya vita, lakini siye wa Bigo tumeyazoea na hakuna anayefunga muzigo.

Umeniomba majina ya wamama wanaodai. Nakuambia kweli, juu sitaki wajumbe wenu wachoke bure kuzunguka avenue zote. Anayedai ni mumoja tu. Wale wengine hawakuomba kitu, na wengi hawajui hata kusoma ile karatasi. Ni mimi nilikuwa naenda kwa Blanchard kupiga kelele, nikisema wamama wanataka hivi, wamama wanataka vile, ili anisikie. Ile siku niliwavuta wawili kwa nguvu wanisindikize. Hata barua zako sikumusomea mutu. Kila neno uliloniandika liko kwangu, hapa nyumbani, na haliko kwa mwingine.

Basi andika jina hili vizuri. Musoki, muuza makayabo, Bigo, nyumba ya mulango wa bleu nyuma ya kanisa. Ukiuliza mutoto yeyote, atakuonyesha.

Nakuomba jambo moja. Kesho na kesho kutwa wajumbe wasije, juu nitakuwa na kazi nyingi sokoni na watanikosa. Waje kuanzia tarehe 6. Kuanzia ile siku sitoki tena, nitakuwa nyumbani asubuhi mpaka jioni, na nitaweka chai kwa moto.

Yaya yako,
Musoki